Kadi ya grafiki: ninunue Kwaresma hii au nisubiri mpunga uuzwe?

Kwa sisi tunaorekodi harusi hapa Mbeya, Kwaresma ndo msimu wa njaa. Wakatoliki hawafungi ndoa, wengine wengi nao wanaona aibu kupiga muziki ukumbini mpaka Pasaka ipite, kwahiyo kumbi ziko kimya na simu haziiti, MC anakupigia eti kukusalimia tu na we unajua kabisa hajakupigia kukusalimia. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili. Hapo katikati ndo nimekaa na kompyuta yangu ya kueditia tunaangaliana, na kesi yetu ni moja tu, kadi ya grafiki, kile kifaa cha ndani kinachobeba kazi za picha na video. Ninunue sasa hivi au nisubiri.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake tayari. Mdogo wangu anasoma MUST pale Iyunga, yeye kila siku ni "broo subiri, matoleo ya Super yanakuja, hizi zilizopo zitashuka" (Super ni matoleo yaliyoboreshwa ya kadi za NVIDIA). Jamaa anayenitumiaga vitu kutoka Kariakoo yeye ni "kaka we chukua tu sasa, wiki ijayo bei sikuhakikishii". Mke wangu hajui tofauti ya RTX (jina la kadi za NVIDIA) na RAM (memori ya kompyuta) na wala hataki kujua, ila swali lake ndo lilikuwa gumu kuliko yote: "Baba watoto, hiyo kadi inaleta shilingi ngapi mezani kabla ya Juni?" Maana anajua kama ninavyojua mimi kwamba hela ya harusi huku kwetu inafuata mavuno. Mpunga wa Kyela na Usangu ukishauzwa, kahawa ya Mbozi ikianza kulipwa, hapo ndo watu wanakumbuka kuoa. Kabla ya hapo ni sendofu moja moja na kipaimara.

Nitamjibu huko mbele. Kwanza niseme nina mashine gani maana ushauri wa kadi bila kujua mashine ni kelele tu. Nina HP Z440, mtumba, yale madude meusi mazito ambayo huko ughaibuni yalikuwa kwenye ofisi za wachora majengo, yakimaliza muda wake yanapakiwa kwenye kontena yanakuja kwetu. Ni muundo wa 2014, prosesa ni Xeon E5-1650 v3, na kadi niliyoikuta ndani ni Quadro K2200 yenye memori ya 4GB. Siidharau, imelipa kodi ya nyumba sana tu. Shida siku hizi kila bwana harusi anataka 4K hata kama ataiangalia kwenye simu yenye kioo kimepasuka, na mimi natumia DaVinci Resolve ambayo tofauti na programu nyingi za kuediti mzigo mkubwa inauweka kwenye kadi ya grafiki sio kwenye prosesa, sasa ukiipa 4K, ukaongeza rangi na kaukungu kidogo kwa bibi harusi, kwenye 4GB inakuletea ujumbe kwamba memori ya GPU, yaani ya kadi, imejaa halafu inasimama. Yaani inasimama katikati ya kurenda (kutoa video iliyokamilika) na we ulishaenda kulala, asubuhi unakuta asilimia 41.

Halafu kuna la draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, ambalo watu wengi wa mtumba hawaliangalii kabisa. NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, walishasema kwamba mkondo wa draiva namba 580 ndo wa mwisho kwa kadi za familia ya Maxwell, Pascal na Volta, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu kwa muda fulani, basi. K2200 yangu ni Maxwell. Na ile GTX 1060 ya 6GB ambayo kila fundi Mwanjelwa anayo moja kabatini anakwambia "hii mkuu ni dude" ni Pascal, ilitoka 2016. Kwa gemu za FIFA za zamani sawa, nunua, cheza. Kwa mtu ambaye programu yake ya kazi inaapdeti kila mara na kudai draiva mpya, hiyo ni kununua kitu kinachoaga. Kwahiyo ile njia rahisi ya katikati, kuchukua kakadi ka bei poa ka kusogezea siku, niliifuta mapema.

Sasa tuje kwenye kusubiri. Hoja ya dogo ina historia yake na mtu asikwambie ni ujinga. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa imepangiwa dola 329, lakini hiyo bei ilikuwa ya kwenye makaratasi. Korona ilikuwa imevuruga viwanda, chipu adimu, na wachimbaji wa Ethereum walikuwa wanabeba kadi kwa makatoni, mtu wa kawaida alikuwa anaambiwa mara mbili ya bei na bado anaambiwa ashukuru. Aliyesubiri kipindi kile alishinda. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa ule mfumo wa kuchimba kwa kadi, mizigo ya kadi ikamwagika sokoni, bei zikanyooka. Uchumi wote anaoujua mdogo wangu umeanzia hapo.

Ila angalia tofauti. Kule kusubiri kulikuwa na kitu cha kusubiri. Ethereum walikuwa wametangaza miaka mingi kwamba watahama, watu walikuwa wanabishana tarehe tu. Sasa hivi tunasubiri nini? Hizo Super ni tetesi zilizozagaa mwaka mzima wa 2025, na tetesi haina waranti. Kinachojulikana kwa uhakika kinaelekea upande mwingine kabisa: chipu za memori duniani zinatoka hasa kwa makampuni matatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wote wameona pesa iko kwenye seva za akili mnemba, kwahiyo mitambo imegeuzwa kuhudumia huko. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa mpaka watu wakawa wanauza RAM zao za zamani kwa faida, na Desemba Micron wakatangaza kwamba wanaachana na Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu kama sisi. Na kadi ya grafiki nayo ni memori, zile 8GB au 16GB zinazoandikwa kwenye boksi zinatoka viwanda hivyo hivyo. Sasa mimi nisubiri bei ishuke wakati kiungo kimoja kikubwa ndo kinapanda? Nilimuuliza dogo akasema "aah broo, itashuka tu". Sawa profesa.

Tena hata ikishuka huko, huku haishuki siku hiyo. RTX 5060 ilitoka Mei 2025 kwa dola 299. Kipindi dola iko 2,600 hiyo ni kama laki saba na sabini na saba, kabla hujalipa usafiri, kodi na faida ya mtu. Baadaye mwaka 2025 shilingi ikapata nguvu, dola ikateremka mpaka kwenye 2,400 na kitu, kwahiyo kwa hesabu za darasani kadi ileile ilitakiwa iteremke makumi ya maelfu hivi. Uliona imeteremka? Mfanyabiashara anakuuzia kwa dola aliyoinunulia yeye, na juu yake anaweka woga wa dola atakayoinunulia mzigo ujao. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutaja bei kwa dola hapa nchini, na ni kweli dukani bei imeandikwa kwa shilingi, ila kichwani kwake bado anahesabu dola, unamwona kabisa macho yanaangalia juu kabla hajakujibu. Stoku ya zamani lazima iishe kwanza. Halafu ikishaisha ndo ipande basi, izunguke Mikumi, Kitonga, Makambako, kilomita mia nane na ushee mpaka ifike Mbeya, na hapa nako mwenye duka anayo moja tu na anajua unajua anayo moja tu. Bei ya kupanda inafika huku kwa WhatsApp siku hiyohiyo, ya kushuka inakuja na lori.

Kwahiyo kwenye upande wa bei nilishamaliza: kusubiri ni bahati nasibu, na mimi sio mtu wa bahati nasibu. Kilichobaki ni ninunue ipi, na hapo ndo nilipoteza usingizi kweli.

Kamera yangu ni Sony A7 IV. Nikiiweka kwenye 4:2:2 biti 10, namna ya kurekodi inayohifadhi taarifa nyingi za rangi, rangi inakuwa na nafasi, na we kama umewahi kurekodi ngozi zetu chini ya zile taa za zambarau ambazo kila ukumbi wa mjini umezinunua sijui nani aliwashauri, unajua hiyo nafasi ni pumzi. Tatizo video za 4:2:2 kadi nyingi haziwezi kuzifungua zenyewe, kazi inarudi kwa prosesa, prosesa ya 2014 inalia, taimlaini inaruka ruka. RTX 3060 haiwezi. RTX 4060 nayo haiwezi, ndo maana sijaitaja sana humu pamoja na kwamba inakula wati 115 tu. GeForce (kadi za NVIDIA za watu wa kawaida) za kwanza kuzifungua ni hizi za RTX 50, H.264 na H.265 zote, yaani njia mbili za kubana video. Prosesa za Intel zenye grafiki za ndani kuanzia kizazi cha 11 zinaweza zile za H.265, lakini Xeon yangu haina grafiki ya ndani hata chembe. Ukiangalia hapo tu, jibu ni 5060 mpya, funga mjadala.

Nikawa nimeshafunga kweli. Nilikuwa nimebakisha kutuma hela.

Sema 5060 ina 8GB. Na inatumia laini nane tu za PCIe, ile njia ya kadi kuongea na kompyuta, ambazo kwenye bodi mpya haina shida, lakini Z440 ni PCIe 3.0, ambapo laini nane zinapitisha kama 8GB kwa sekunde. RTX 3060 ina 12GB na laini zote 16, njia mara mbili. Memori ikiwa haijajaa hutaona tofauti ya maana, tena 5060 memori yake ina kasi zaidi, 448GB kwa sekunde dhidi ya 360. Ikijaa ndo balaa, kadi inaanza kukopa RAM ya kompyuta kupitia hiyo njia nyembamba, na mimi kilichonitoa kwenye K2200 ni nini kama sio kujaa? Kuna 5060 Ti ya 16GB, ambayo ingemaliza maneno yote, ilitoka kwa dola 429, na bei niliyotajiwa Kariakoo nikamwambia jamaa "kaka ngoja nikupigie", na yeye akacheka kwa sababu anajua maana yake. Intel nao wana Arc B580, 12GB kwa dola 249 ilipotoka Desemba 2024, kwenye karatasi ni tamu, ila inataka bodi yenye Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na Z440 yangu haina, ukiiweka hivyohivyo inapoteza nguvu nyingi. Mwenye kompyuta ya juzi juzi aiangalie hiyo, mimi hapana.

Kilichoniokoa ni menyu ya kamera. Ile A7 IV kwenye XAVC HS, modi yake ya H.265, inakubali 4:2:0 (rangi pungufu kidogo kuliko 4:2:2) ikiwa bado biti 10, na hiyo RTX 3060 inaifungua bila jasho. Nilirekodi mtoto wangu amesimama sebuleni chini ya taa ya rangi, klipu ya 4:2:2 na ya 4:2:0, nikazikoroga rangi mpaka mwisho. Kwa ngozi na kwa shela jeupe, kinachookoa ni zile biti 10. 4:2:2 utaililia ukifanya kazi za kitambaa cha kijani nyuma, na mimi sijawahi kuona bibi harusi wa Uyole akiwekewa kitambaa cha kijani. Wale vijana ninaowakodi siku za harusi mbili wakileta 4:2:2 zao, nitatengeneza proksi (nakala nyepesi za kueditia) usiku kama ninavyofanya sasa.

Kuhusu umeme watu wanaulizaga LUKU. Acheni. 3060 inakula mpaka wati 170, 5060 wati 145, tofauti ni wati 25, ukirenda saa nane mfululizo ni asilimia ishirini ya uniti moja, na elfu moja inakupa uniti karibu tatu, kwahiyo unaongelea hela ambayo hata andazi hupati. Cha kuogopa ni umeme kukatika na kurudi kwa hasira. Kama huna UPS, hela ya kadi bado haijatosha, rudi ukakusanye tena. Na pawa saplai iangalie kwanza kabla ya kadi. Z440 inakuja na ya wati 700 ambayo ni ya kweli, waya zake za kadi ni pini sita kwahiyo nahitaji adapta nzuri ya kwenda pini nane. Lakini wenzangu wenye Dell OptiPlex, ambao ndo wengi, pawa saplai yako mara nyingi ni ndogo, kama wati 240 au 275, na plagi zake mara nyingi ni za kwao wenyewe, huwezi kuchomeka hii ya dukani hivihivi. Nyie kuna RTX 3050 ya 6GB, wati 70, haihitaji waya wowote, inakunywa kutoka kwenye sloti. Na ile pawa saplai nyepesi inayoandikwa 500W, inyanyue kwa mkono mmoja. Ikiwa nyepesi kama boksi la kiberiti muachie mwenyewe.

Baridi ya huku inasaidia, nakubali. Juni na Julai chumba changu cha kazi mashine ndo hita, paka amehamia nyuma yake. Ingawa tuko kama mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi na feni inasukuma kidogo kuliko Dar, bado hewa ya Mbeya ni ya baridi, hesabu inatulipa.

Sasa 3060 ukisema unaitafuta leo mara nyingi ni mtumba, na mtumba wa 3060 una mambo. Ya kwanza ni kwamba kuna 3060 ya 8GB, ilitoka mwishoni mwa 2022, jina lilelile, memori ndogo na njia ya memori imepunguzwa mpaka 240GB kwa sekunde. Muuzaji anaweza asikudanganye kabisa, hajui tu. Kuna nyingine zinatoka China zimetengenezwa kwa chipu ya laptopu na zina 6GB. Na kuna feki kabisa, kadi ya kale iliyobadilishwa jina ndani ili kompyuta iitaje vingine, hizo programu ya GPU-Z inazikamata na kuziandikia waziwazi kuwa ni feki, ni ya bure na ni ndogo, muuzaji anayekataa usiifungue kwake ameshakujibu. Za uchimbaji mimi siziogopi kama watu wanavyoziogopa. Chipu haichakai sana kwa kufanya kazi kwenye joto moja usiku na mchana, kinachochakaa ni feni na ile pasta ya joto, na vyote viwili fundi wangu wa Kabwe anavibadilisha huku anaongea na simu. Ninachoogopa ni kadi iliyopikwa kwenye ovena ili ifufuke wiki mbili iuzwe.

Sasa swali la mama watoto. Huku mteja analipa nusu ya kwanza siku ya kuweka tarehe na nusu ya mwisho siku ya kukabidhiwa flashi. Desemba ilikuwa nzuri, nilishika harusi nyingi, na baadhi yake bado ziko kwenye diski kwa sababu kila nikizigusa memori imejaa. Wateja wale hawajakataa kulipa, mimi ndo sijawapa flashi. Nilipoziandika kwenye karatasi zile nusu zilizolala, jumla yake ilizidi bei ya kadi, na ilizidi kwa mbali ule unafuu ambao dogo anataka niusubiri mpaka Mungu ajue lini. Nikamwonyesha mke wangu ile karatasi. Akaisoma, akaniuliza kwa nini hizo harusi za Desemba hazijaisha mpaka sasa, nikamwambia ndo hiyo kadi, akasema "haya, ila hela ya ada usiiguse". Mdogo wangu naye nilimwonyesha, akasema bado anaamini Super zinakuja, ila kama nanunua sasa basi nimwachie K2200. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), hata asante hajasubiri.

Kwahiyo nimechukua 3060 ya 12GB, iliyotumika. Nimemlipa jamaa wa Kariakoo nusu, kama wateja wangu wanavyonilipa mimi. Amenitumia video ya GPU-Z ikionyesha 12GB na njia ya memori ya biti 192, na tumekubaliana ikifika fundi wa Kabwe ataiweka aiwashie FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, nusu saa, joto lisipite nyuzi 80, kusiwe na mistari wala vidoti kwenye skrini, halafu nirende harusi moja ya Desemba nzima, ya dakika arobaini, bila kusimama. Ikipita, nusu ya pili anaipata jioni hiyohiyo kwa simu. Isipopita inarudi na basi la usiku kwa gharama yake, na mimi nachukua ile 5060 ya 8GB, nashusha taimlaini iwe 1080p mpaka siku ya kurenda, na dogo ataruhusiwa kucheka kwa wiki moja.